Namna ya kuonesha kwa kiazi mviringo jinsi vitu vinavyopita kwenye utando wa seli

Shule nyingi za Nyanda za Juu Kusini hazina maabara iliyokamilika, lakini zimezungukwa na mashamba ya kiazi mviringo, na kiazi hicho kinatosha kumwonesha mwanafunzi sehemu kubwa ya mada ambayo kwa kawaida anaikariri tu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu wa baiolojia wa sekondari na kwa mwanafunzi anayejisomea, na unaeleza jaribio moja kwa kina, kisha unataja mambo ambayo jaribio hilo haliwezi kuyaonesha.

Jaribio lililozoeleka ni lile la kuchimba shimo kwenye kiazi kilichomenywa, kutia sukari au chumvi ndani yake, na kukiweka kiazi kwenye sahani ya maji hadi shimo lijae. Silipendelei sana, kwa sababu linathibitisha tu kwamba maji yamesogea, bila kueleza ni kiasi gani, na bila kumwonesha mwanafunzi kwamba yapo mazingira ambayo kiazi hakipati wala hakipotezi maji. Jaribio la vipande vilivyopimwa uzito linahitaji uangalifu zaidi, ila majibu yake yanaweza kuchorwa kwenye grafu, na hapo ndipo mada inapoanza kueleweka.

Utando ni nini, kwa kifupi

Utando wa seli una unene wa nanomita 7 hadi 8 hivi, maana yake ni kwamba zaidi ya tando 100,000 zikipangwa moja juu ya nyingine ndipo unene wa milimita moja unapatikana. Umejengwa kwa safu mbili za molekuli za fosfolipidi, ambazo kila moja ina kichwa kinachopatana na maji na mikia miwili ya mafuta inayoyakwepa, hivyo vichwa vimeelekea nje na ndani ya seli, nayo mikia imegeukiana katikati. Kwenye safu hizo zimepachikwa protini za aina nyingi. S. J. Singer na Garth Nicolson waliueleza mwaka 1972 kuwa ni utando usioganda, ambao fosfolipidi na protini zake nyingi zinaweza kuteleza kwenda pembeni, na maelezo hayo ndiyo msingi wa yale yanayofundishwa hadi leo.

Muundo huo ndio unaoamua nani apite na nani azuiwe. Oksijeni na kabonidioksidi hupenya katikati ya mafuta bila kuhitaji msaada wowote. Maji nayo hupenya, ila polepole, na kwa sehemu kubwa hupitia protini maalumu ziitwazo akwaporini, ambazo ugunduzi wake ulimpatia Peter Agre wa Marekani Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003. Sukari na ayoni za chumvi hazipenyi mafuta kirahisi, hivyo zinategemea njia za protini. Kwa ajili ya jaribio hili, mwanafunzi ashike jambo moja tu: katika muda wa saa chache, maji yanapita kwenye utando wa seli ya kiazi, na sukari ya kawaida ya dukani haipiti kwa kiasi cha maana. Mwendo wa maji kupitia utando wa namna hiyo, kutoka upande wenye vitu vichache vilivyoyeyuka kwenda upande wenye vitu vingi, ndio unaoitwa osmosisi.

Kuandaa mimumunyo

Utahitaji mimumunyo mitano ya sukari yenye ukolezi wa molari (yaani moli kwa kila lita) 0, 0.2, 0.4, 0.6 na 0.8. Moli moja ya sukari ya kawaida ina gramu 342, kwa hiyo mililita 200 za mmumunyo wenye ukolezi wa molari 1 zinahitaji gramu 68.4 za sukari. Ipime sukari hiyo, iyeyushe kwenye maji yasiyozidi mililita 140, na ikishayeyuka yote ndipo uongeze maji mpaka ujazo wa jumla ufike mililita 200. Mpangilio huu haupaswi kugeuzwa, maana sukari yenyewe inachukua nafasi: ukichukua mililita 200 za maji ukatia ndani yake gramu 68 za sukari, utapata kiasi cha mililita 240, na hesabu zako zote zitakazofuata zitakuwa na kasoro.

Mmumunyo huo mmoja unatosha kwa mingine yote bila kubaki. Kwa molari 0.2 chukua mililita 20 zake uongeze mililita 80 za maji. Kwa molari 0.4 chukua 40 kwa 60. Kwa molari 0.6 chukua 60 kwa 40; na kwa molari 0.8 chukua 80 kwa 20. Chombo cha tano ni cha maji matupu, mililita 100. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi yanafaa sana, ingawa maji ya bomba ya miji yetu hayataleta tofauti ya kuonekana. Shule isiyo na silinda ya kupimia inaweza kutumia bomba la sindano la mililita 20 linalouzwa kwenye duka la dawa, nalo hupima kwa usahihi wa kutosha. Vyombo vyenyewe vinaweza kuwa vikombe vya kioo au chupa za plastiki zilizokatwa, mradi kila kimoja kiandikwe ukolezi wake kabla ya kumiminwa kitu chochote, kwa kuwa mimumunyo yote inafanana kwa macho na ni mwiko kuitofautisha kwa kuionja.

Kuchagua na kukata kiazi

Chagua kiazi kikubwa, kigumu, kisichoota wala kugeuka kijani. Ni vyema vipande vyote vitoke kwenye kiazi kimoja, na ikilazimu kutumia viwili, kila chombo kipate vipande kutoka kwenye vyote viwili kwa idadi sawa. Sababu ni kwamba viazi havifanani ndani. Kiazi kilichochimbwa juzi kina maji mengi kuliko kilichokaa ghalani tangu msimu uliopita, na kiazi kilichohifadhiwa kwenye baridi kali, kama ile ya Makete au Njombe mwezi wa Juni na Julai, hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, jambo linaloongeza ukolezi wa utomvu wa seli zake, yaani majimaji yaliyo ndani ya seli. Mwalimu wa Uyole na mwalimu wa Makete wanaweza kufanya jaribio hili kwa uangalifu uleule na bado wakapata majibu yanayotofautiana, na wote wawili wakawa sahihi.

Menya ganda lote, kwa sababu ganda la kiazi lina tabaka linalozuia maji, na kipande kilichobakiwa na ganda upande mmoja hakiwezi kulinganishwa na kisicho nalo. Kisha kata vipande vya umbo la chipsi vyenye urefu wa sentimita 5 na upana wa sentimita 1 kila upande, ukitumia kisu kikali na rula. Kipande cha ukubwa huo huwa na uzito wa gramu 5 na ushee. Andaa vitatu kwa kila chombo, yaani kumi na vitano kwa jumla, na vingine sita vya ziada ambavyo matumizi yake nitayaeleza baadaye. Kipande kimoja kwa chombo hakitoshi, kwani kikiwa na kasoro hutakuwa na namna ya kuijua.

Mzani unaosoma hadi gramu 0.1 unakubalika, na unaosoma hadi 0.01, kama ule wa masonara, ni bora zaidi. Mzani wa jikoni unaosoma gramu nzima tu haufai kupimia kipande kimoja, kwa sababu gramu moja ni karibu sehemu ya tano ya uzito wote. Asiye na mzani mwingine apime urefu kwa rula yenye milimita badala ya uzito, akijua kwamba badiliko atakalolisoma litakuwa la milimita chache tu.

Kuloweka, kukausha na kupima

Kabla ya kuloweka, kausha kila kipande kwa kukibingirisha taratibu juu ya karatasi ya tishu, kipime, na uandike uzito wake mara moja. Vipande vya chombo kimoja vitofautishwe, kwa mfano kwa kukata pembe moja kwenye cha kwanza na mbili kwenye cha pili. Viingize vyote kwenye mimumunyo kwa wakati mmoja, kisha funika vyombo ili maji yasipungue kwa kukauka.

Kwenye chombo cha molari 0.8 huenda vipande vikaelea, kwa kuwa mmumunyo huo ni mzito kuliko kiazi. Wanafunzi hulifurahia jambo hili, lakini kipande kinachoelea kina upande mmoja ambao haujagusa mmumunyo, hivyo kizamishe kwa kukigandamiza na kijiwe safi au kizibo.

Muda wa kuloweka unategemea joto. Kyela, ambako kuna joto, saa mbili zinaweza kutosha kuonesha tofauti zilizo wazi, wakati kwenye darasa la Njombe asubuhi ya Julai muda huohuo utatoa mabadiliko madogo yanayokaribia makosa ya mzani wenyewe. Molekuli husogea polepole zaidi katika baridi, na hilo linahusu osmosisi na mtawanyiko, yaani kusambaa kwa vitu kutoka palipo na vingi kwenda palipo na vichache, kwa pamoja. Kwa sehemu za baridi nashauri kuandaa kazi saa za jioni na kupima asubuhi inayofuata, ila vyombo visikae zaidi ya hapo, kwani kiazi kikianza kuoza tando zake nazo zinaharibika.

Ukivitoa, vikaushe kwa namna ileile uliyotumia mwanzo. Hii ndiyo hatua inayoharibu majibu ya wengi: mwanafunzi mmoja anapangusa kidogo na kuacha maji juu ya kipande, mwingine anakamua mpaka maji ya ndani yanatoka, na tofauti kati yao inazidi ile iliyoletwa na osmosisi. Mtu mmoja akaushe vipande vyote, mwanzo na mwisho.

Kabla ya kupima tena, mruhusu kila mwanafunzi ajaribu kukunja kipande cha maji matupu na kipande cha molari 0.8. Cha kwanza ni kigumu na kitavunjika kwa sauti, na cha pili kimelegea na kinapinda bila kuvunjika. Seli za kile cha kwanza zimejaa maji na zinausukuma ukuta wake, ule mgumu ulio nje ya utando, na ukuta nao unazizuia zisipasuke, wakati seli za cha pili zimepoteza maji kiasi kwamba utando umeanza kujitenga na ukuta. Kwa kuwa unahitaji vipande vizima kwenye mzani, tumia kwa zoezi hili vile vya ziada, viwili ukiwa umeviloweka pamoja na vingine.

Kukokotoa na kuchora

Usilinganishe gramu zilizoongezeka au kupungua, linganisha asilimia. Kipande cha gramu 5.0 kilichofika 5.5 kimeongezeka kwa asilimia 10, na kipande cha gramu 6.0 kilichofika 6.5 kimeongezeka kwa asilimia 8.3, ingawa vyote viwili vimepata gramu 0.5. Toa uzito wa mwanzo kwenye uzito wa mwisho, gawanya kwa uzito wa mwanzo, zidisha kwa 100, na uiache alama ya kutoa mahali inapojitokeza. Kisha tafuta wastani wa vipande vitatu vya kila chombo.

Kwenye grafu, mhimili wa mlalo uwe wa ukolezi wa sukari na mhimili wa wima uwe wa asilimia ya badiliko, ambao sifuri yake lazima iwe katikati ili thamani hasi zipate nafasi chini. Unganisha nukta kwa mkunjo laini, usiziunganishe moja moja kwa rula. Mahali ambapo mkunjo unakata mstari wa sifuri ndipo penye ukolezi ambao kiazi hakikupata wala kupoteza maji, na kwa viazi vingi huwa kati ya molari 0.2 na 0.4.

Namba hiyo hutafsiriwa vibaya mara nyingi. Ikiwa umepata 0.3, hujasema kwamba ndani ya kiazi kuna sukari ya molari 0.3. Utomvu wa seli una potasiamu, asidi, sukari na vitu vingine, na ulichokipata ni kwamba jumla ya vitu hivyo inayavuta maji kwa kiwango sawa na mmumunyo wa sukari wa molari 0.3. Vilevile, mwanafunzi asiandike kwamba kwenye ukolezi huo maji yameacha kupita. Yanapita kwa pande zote mbili muda wote, ila yanayoingia ni sawa na yanayotoka, na mzani husoma tofauti peke yake.

Anayetumia chumvi badala ya sukari ajue kwamba chumvi ikiyeyuka hugawanyika kuwa ayoni mbili, ya sodiamu na ya kloridi, hivyo mmumunyo wa chumvi wa molari 0.15, ambao ni gramu 9 hivi kwa lita, huvuta maji karibu sawa na mmumunyo wa sukari wa molari 0.3.

Kipande kilichochemshwa

Hadi hapa hakuna kilichothibitisha kwamba utando ulio hai ndio uliohusika, na mtu mwenye shaka anaweza kudai kwamba kiazi kimenyonya maji kama sponji. Ndiyo sababu ya vipande vinne vya ziada vilivyobaki. Vichemshe kwa dakika tano, viache vipoe, vikaushe, vipime, kisha weka viwili kwenye maji na viwili kwenye mmumunyo wa molari 0.8 kwenye vyombo vya peke yake. Mjini Mbeya, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na joto hilo linatosha kabisa kuharibu tando na protini zake. Vipande hivyo vitalegea vyote bila kujali chombo, na tofauti kubwa ya uzito uliyoiona kati ya maji na mmumunyo mkali itapungua sana, kwa kuwa utando uliokufa hauzuii tena sukari. Badiliko dogo linaweza kuonekana bado, na lielezwe hivyohivyo bila kufichwa.

Shule yenye hadubini iongeze hatua moja fupi. Bandua ngozi nyembamba ya kitunguu chekundu, iweke kwenye tone la maji, iangalie, kisha badilisha maji kwa mmumunyo mkali wa chumvi. Rangi iliyo ndani ya seli itaonekana ikijikusanya na kuacha nafasi tupu karibu na ukuta. Rudisha maji, na rangi itatanuka tena ikiwa seli hazijafa.

Yale ambayo kiazi hakioneshi

Osmosisi, mtawanyiko wa gesi, na upitaji wa glukosi kwenye protini za kuibebea ni njia zisizoilazimu seli kutumia nishati, kwa sababu vitu vinakwenda kutoka palipo na vingi kwenda palipo na vichache, na kwa osmosisi hicho kilicho kingi ni maji yenyewe. Ipo njia nyingine, usafirishaji amilifu, ambamo seli inasukuma vitu kinyume na mwelekeo huo na kulipia kwa ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Pampu maarufu zaidi ya wanyama ilielezwa na Jens Christian Skou wa Denmark mwaka 1957: kwa kila molekuli moja ya ATP, inatoa ayoni tatu za sodiamu nje ya seli na kuingiza mbili za potasiamu.

Mfano wake kwa mimea uko shambani. Mizizi ya mahindi inachukua naitreti kutoka kwenye udongo wenye naitreti chache sana kuliko zilizo ndani ya seli za mizizi, jambo lisilowezekana bila nishati, na nishati hiyo inahitaji oksijeni. Shamba likituama maji msimu wa masika, mizizi inakosa hewa na mahindi yanageuka manjano, kwa sehemu kutokana na pampu hizo kukosa nishati, na kwa sehemu kwa kuwa naitreti yenyewe inapotea kwenye udongo uliolowa. Upande wa pili, mkulima anayemwaga mbolea ya urea au CAN nyingi karibu mno na shina huona majani yakiungua kana kwamba kuna ukame. Mbolea iliyoyeyuka imefanya maji ya udongo yawe na ukolezi mkubwa kuliko utomvu wa mizizi, na maji yanatoka kwenye mzizi kama yalivyotoka kwenye kipande cha molari 0.8. Kwa urea kuna pia madhara ya amonia inayotokana nayo, hivyo si haki kuisingizia osmosisi yote.

Mfano wa mwisho unaunganisha njia zote mbili. Kwenye utumbo mwembamba kuna protini inayoingiza sodiamu na glukosi kwa pamoja, ikitegemea tofauti ya sodiamu inayodumishwa na pampu aliyoieleza Skou, na zikishaingia, maji hufuata kwa osmosisi. ORS anayopewa mtoto mwenye kuharisha inafanya kazi kwa njia hiyo, na ndiyo maana ina glukosi pamoja na chumvi. Anayeichanganya kwa maji machache kuliko yaliyoandikwa kwenye pakiti, au kuongeza sukari ili mtoto aipende, anatengeneza mmumunyo unaoyavuta maji kutoka mwilini kwenda ndani ya utumbo, na kuharisha kunaongezeka. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipunguza glukosi na chumvi kwenye mchanganyiko huo, hivyo ukolezi wake wa jumla ukashuka kutoka miliosmoli 311 hadi 245 kwa lita, na mwanafunzi aliyechora grafu ya kiazi anaweza kuulizwa aeleze kwa nini waliupunguza badala ya kuuongeza.